Niko kwenye ARV na uzito haurudi: nile nini, na vidonge nivimeze vipi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, urefu wangu sentimita 170. Kabla ya kuugua nilikuwa na kilo 66. Siku niliyopimwa na kukutwa na VVU nilikuwa nimeshuka hadi 56. Sasa nina miezi mitatu kwenye TLD, kidonge kimoja chenye ARV tatu, na sijaruka dozi hata moja, lakini mizani inasoma 57 tu. Mdomoni nina utando mweupe, na chakula cha moto kinaniwasha. Kila asubuhi kabla ya kula nameza ARV pamoja na kidonge cha multivitamini chenye madini, na kuna rafiki ameniuzia unga wa kupandisha CD4, zile seli za kinga. Wengine wananiambia dawa hizi ni kali, nisipokula sana zitaula mwili wangu. Wengine wanasema niache nyama na sukari kabisa. Nile nini hasa?

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya kuzungumzia sahani, tuzungumzie hizo kilo tisa ambazo bado hazijarudi.

Ukichukua uzito wako wa sasa, 57, ukaugawa kwa urefu wako wa mita 1.7 uliozidishwa kwa wenyewe (2.89), unapata 19.7. Mtu mzima huhesabiwa kuwa na utapiamlo anaposhuka chini ya 18.5. Kwa hiyo kwenye kadi yako ya kliniki unaonekana uko salama, na mhudumu mwenye foleni ndefu nje anaweza kukupitisha bila kuuliza zaidi. Shida ni kwamba kipimo hicho hakijui ulikotoka. Kupoteza kilo 9 kati ya 66 ni karibu asilimia 14. Kwa mtu anayeishi na VVU, kupungua zaidi ya asilimia 10 bila sababu inayojulikana kunatosha kumweka katika hatua ya 3 kati ya hatua nne za ugonjwa kwa mpangilio wa Shirika la Afya Duniani. Ukienda kliniki, usiseme "nina kilo 57." Sema "nilikuwa na 66, nikashuka hadi 56, na miezi mitatu ya dawa imenirudishia kilo moja tu." Sentensi hiyo inabadilisha namna utakavyohudumiwa.

Uzito hushuka kwa njia tatu: kinachoingia mdomoni ni kidogo, au kinaingia lakini utumbo haukifyonzi, au mwili unachoma kuliko kawaida. Kwa mgonjwa wa VVU mara nyingi njia zote tatu zimekutana. Ukianza kuongeza chakula bila kujua ni ipi inayokuvuta chini, utakula sana na mizani itabaki palepale. Kwa hiyo mambo yafuatayo yaangaliwe wiki hii hii, sambamba na chakula.

La kwanza ni kifua kikuu. Dalili nne zinazoulizwa kila mtu mwenye VVU aendapo kliniki ni kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito, na hata moja tu inatosha kumfanya mtu apimwe. Wewe tayari unayo moja. Tena uko katika kipindi chenye mtego: miezi ya mwanzo ya ARV, kinga inapoanza kuamka, TB iliyokuwa imejificha huweza kujitokeza kwa nguvu. Mtu mwenye TB isiyotibiwa hanenepi kwa uji, hata uwe mzito kiasi gani. Uliza pia CD4 zako zilikuwa ngapi ulipoanza. Kama zilikuwa chini ya 200, kuna vipimo vingine unavyostahili, kikiwemo kile cha TB kinachotumia mkojo na kile cha damu cha kutafuta fangasi wa homa ya uti wa mgongo.

La pili ni tumbo. Kuharisha kunakozidi siku 14 kunahitaji kupimwa choo, maana kuna vimelea vinavyoshambulia utumbo wa mtu mwenye kinga ndogo na kuzuia chakula kufyonzwa. Kimojawapo, Cystoisospora, hutibika kwa cotrimoxazole. Hujataja kuharisha, lakini watu wengi huzoea choo laini cha mara tatu nne kwa siku hadi wakaacha kukiona kuwa ni ugonjwa.

La tatu husahaulika sana: sukari ya damu. Dolutegravir, moja ya dawa tatu zilizo ndani ya TLD, imeripotiwa kupandisha sukari kwa baadhi ya watu, na kisukari kipya humkondesha mtu. Kama una kiu isiyokatika na unaamka usiku mara kadhaa kukojoa, omba upimwe siku hiyohiyo. Na ukiwa na kisukari tayari, mwambie mhudumu anayekupa metformin kwamba uko kwenye dolutegravir, kwa sababu dawa hizi zikikutana metformin huongezeka kwenye damu na dozi yake hulazimika kuwekewa kikomo.

La nne unalijua mwenyewe, ni mdomo. Utando mweupe unaokwanguka na kuacha wekundu ni fangasi, na fangasi hautibiwi kwa chakula bali kwa dawa. Hapa kuna swali moja la kujiuliza kwa makini: maumivu yako ni mdomoni tu, au tonge likishuka kifuani linachoma na kukwama? Kama linachoma kifuani, fangasi wameshuka kwenye umio. Hiyo ni hatua ya 4, na dawa ya kupaka mdomoni haiwezi kuwafikia. Unahitaji dawa ya kumeza, kwa kawaida fluconazole, kwa muda utakaoelekezwa. Mtu anayeogopa kumeza hupunguza chakula bila kujijua. Nashuku hapa ndipo sehemu kubwa ya kilo zako ilipokwamia.

Sasa vidonge, kwa sababu kuna kosa unalolifanya kila asubuhi na hakuna aliyekuambia.

Multivitamini yenye madini ina chuma, kalisi, magnesi au zinki. Madini haya yakikutana na dolutegravir ndani ya tumbo tupu hushikana nayo, na kilichoshikana hakipiti ukuta wa utumbo. Kinatoka na choo. Vipimo vilivyofanywa kwa watu wenye tumbo tupu vilionyesha kwamba kidonge cha kalisi hupunguza dolutegravir inayoingia kwenye damu kwa takribani asilimia 39, kidonge cha chuma asilimia 54, na multivitamini ya kawaida asilimia 33. Dawa za kiungulia zenye alumini na magnesi zilipunguza kwa asilimia 74. Kwa hiyo mtu anaweza kumeza ARV kila siku kwa uaminifu kama wewe, na bado mwili ukakosa theluthi moja ya dozi, au hata zaidi.

Kurekebisha ni rahisi. Chuma, kalisi na multivitamini unaweza kuvimeza pamoja na TLD ikiwa unavimeza na mlo, kwa sababu chakula kinapokuwepo tumboni upungufu huo hautokei. Ukitaka kumeza tumbo tupu, basi TLD itangulie kwa saa 2, au ije saa 6 baada ya madini. Mfano: TLD saa moja asubuhi, multivitamini na chakula cha mchana. Dawa za kiungulia zenye alumini au magnesi ni hadithi nyingine: hizo zitenganishwe daima, hata ukiwa umeshiba, kwa kanuni ileile ya saa 2 kabla au saa 6 baada. Glasi ya maziwa pamoja na mlo isikuhangaishe. Na ukipima wingi wa virusi, kwa kawaida mwezi wa sita tangu kuanza dawa, mwambie mhudumu kuhusu miezi hii mitatu ya kuchanganya, ili matokeo yasomwe kwa kujua hilo.

Hao wanaosema dawa itaula mwili usipokula wanasababisha madhara kuliko wanavyodhani. TLD humezwa na chakula au bila chakula, haijali. Madhara ya maneno hayo ni kwamba siku nyumbani hakuna kitu, mtu anaacha kidonge akisubiri apate chakula kwanza. Usifanye hivyo kamwe. Siku ya njaa, meza kidonge kwa maji na uendelee na safari. Ni kweli kwamba watu wengi huhisi njaa kali wiki za mwanzo wa dawa. Hiyo ni hamu ya kula iliyokuwa imezimwa na ugonjwa ikirudi, na ni habari njema.

Ila si ARV zote ziko hivyo, na ukibadilishiwa dawa ujue sharti limebadilika. Efavirenz humezwa usiku wakati wa kulala, bila mlo wenye mafuta mengi, maana mafuta huongeza kiwango chake kwenye damu na pamoja nacho kizunguzungu na ndoto za ajabu. Atazanavir na darunavir huhitaji chakula. Rilpivirine inataka mlo kamili wa karibu kilokalori 400. Kikombe cha kinywaji cha protini hakitoshi. Ukikutwa na TB ukaanza rifampicin, dolutegravir huongezwa iwe miligramu 50 mara mbili kwa siku, kwa hiyo usianze dawa za TB mahali ambapo hawajui unatumia nini. Isoniazid, dawa nyingine ya TB, humezwa tumbo tupu na kuambatana na vitamini B6, kwa kawaida miligramu 25 kwa mtu mzima, kwa kuwa bila hiyo nyayo hupata ganzi na kuwaka moto.

Tufike jikoni. Hakuna chakula maalumu cha VVU, na huna haja ya kupikiwa sufuria ya peke yako. Mahitaji yanayobadilika zaidi ni nishati. Mtu mzima mwenye VVU asiye na dalili anahitaji nishati zaidi kwa karibu asilimia 10 kuliko asiye na virusi. Mwenye dalili, au anayetoka kwenye ugonjwa kama wewe, asilimia 20 hadi 30. Mtoto anayepoteza uzito anaweza kuhitaji asilimia 50 hadi 100 zaidi, ndiyo maana mtoto hatakiwi kusubirishwa.

Asilimia hizo haziliki, kwa hiyo tuzigeuze. Chukua mwanaume wa umbo lako anayefanya kazi za wastani, anayehitaji karibu kilokalori 2,400 kwa siku. Asilimia 10 ni 240. Asilimia 25 ni 600. Sasa angalia vitu vya kawaida: kijiko cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 120 hivi, kikombe cha maziwa yenye mafuta yake 150, kijiko cha chakula cha siagi ya karanga karibu 95, kiganja cha karanga (gramu 30) 170, ndizi mbivu ya wastani 105, yai moja 70, nusu parachichi 160. Hizo 600 hazihitaji sahani ya pili ya wanga. Pika uji wa asubuhi kwa kuongeza kikombe cha maziwa badala ya maji, koroga ndani yake kijiko cha siagi ya karanga: 245. Mchana, maharage yakishaiva na kabla ya kuepua, ongeza kijiko kimoja cha mafuta kwenye sehemu yako: 120. Saa kumi jioni, ndizi moja na kiganja cha karanga: 275. Jumla ni 640, na wingi wa chakula tumboni haujaongezeka sana. Hiyo ndiyo siri ya kumlisha mtu asiye na hamu: ongeza nguvu ndani ya kile anachokula tayari. Kumjazia sahani humkatisha tamaa kabla hajaonja.

Mdomo wako ukiwa bado na vidonda, karanga nzima na vitu vikavu viache, tumia zilizosagwa. Ukiwa unaharisha, punguza mafuta kwa siku hizo, kwani utumbo uliochubuka hushindwa kuyashughulikia na kuharisha huzidi. Rudisha kidogokidogo choo kikikaza.

Kuhusu protini, watu wengi huongozwa vibaya, na wauzaji wa unga wa kujenga misuli wananufaika. Hakuna ushahidi kwamba mwenye VVU anahitaji sehemu kubwa zaidi ya protini katika chakula chake kuliko mtu mwingine. Asilimia 12 hadi 15 ya nishati yote inatosha. Kwa kilokalori 2,400 ni gramu 72 hadi 90 kwa siku, na ukila zaidi ili kupona, protini huongezeka yenyewe kwa uwiano uleule. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 15, mayai mawili 12, kikombe cha maziwa 8, kipande cha samaki au nyama iliyopikwa cha gramu 60 karibu 15. Hapo umefika 50. Nafaka unazokula kutwa nzima, na karanga zile, zinajaza pengo. Kwa hiyo nyama usiiache kama unaipenda na unaimudu, na kama humudu, maharage, dengu, kunde na mayai vinafanya kazi. Jambo moja hapa: ukila protini huku nishati haitoshi, mwili huichoma hiyo protini kama kuni. Ndiyo sababu mtu anaweza kula mayai matatu kwa siku na bado akakonda.

Sukari haimlishi virusi. Kijiko cha chakula cha sukari ni kilokalori 50 tupu, bila kitu kingine, kwa hiyo haina faida kubwa, lakini kijiko kwenye uji hakikudhuru. Soda ndiyo ya kuogopa: chupa ya nusu lita ina takribani gramu 50 za sukari, inashibisha na kuondoa nafasi ya chakula, na mdomo wenye fangasi hauifurahii.

Milo iwe midogo, mitano au sita kwa siku, kwa saa badala ya kwa njaa. Njaa ya mgonjwa si saa ya kutegemea. Kunywa maji kati ya milo kuliko kati ya matonge, usije ukajaza tumbo maji. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, yapike kwa maji mapya hadi yalainike kabisa, gesi hupungua.

Kwa mdomo, hadi dawa ya fangasi ifanye kazi: sukutua mara nne kwa siku kwa kikombe cha maji ya uvuguvugu yaliyochemka, yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, na uyateme. Fanya hivyo hasa kabla na baada ya kula. Chakula kiwe laini na cha vuguvugu au baridi: uji, viazi vilivyopondwa kwa maziwa, mayai ya kuvurugwa, mtindi, ndizi mbivu, supu iliyopoa. Ndimu, machungwa, nyanya mbichi, pilipili na siki zisubiri. Tumia mrija kama ulimi ndio unaouma. Kichefuchefu kikikuamsha, anza na kitu kikavu kama mkate uliobanikwa, na usilale chali mara baada ya kula.

Unga wa kupandisha CD4 uweke kando. CD4 hupanda kwa sababu virusi vimebanwa na seli zinapata nafasi ya kuongezeka. Kazi hiyo inafanywa na kile kidonge chako kimoja. Unga usiojulikana una hatari mbili. Ukiwa na madini, unarudia kosa lile la asubuhi. Ukiwa na mitishamba, baadhi ya mitishamba huharakisha ini kusafisha dawa. Mmea wa hypericum unajulikana kushusha viwango vya ARV, ikiwemo dolutegravir. Vidonge vya kitunguu saumu vilionekana kushusha saquinavir, ARV ya zamani, kwa karibu nusu. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi ni kiungo tu, ukile bila wasiwasi. Dawa za kusafisha tumbo ndizo mbaya kabisa kwako sasa, maana zinakuharisha huku unatafuta kilo.

Na multivitamini? Moja kwa siku, yenye kiwango cha kawaida cha mahitaji ya siku, ni sawa kama chakula chako hakina mboga na matunda ya kutosha. Zaidi ya hapo hakuna faida. Kuna utafiti mkubwa uliofanyika Dar es Salaam kwa watu wazima waliokuwa wakianza ARV, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012: waliopewa dozi kubwa za vitamini B, C na E hawakupata nafuu wala kupungukiwa na vifo kuliko waliopewa dozi ya kawaida, isipokuwa kimeng'enya cha ini, ALT, kilipanda zaidi kwao. Vidonge vya chuma usivimeze bila kupimwa damu. Upungufu wa damu kwa mwenye VVU una sababu nyingi, na ule unaoletwa na zidovudine, mojawapo ya ARV, kwa mfano, hauponi kwa chuma.

Usalama wa chakula nitaupitia haraka, ingawa kinga ikiwa chini chakula kichafu kinakugharimu wiki nzima ya kilo. Maji ya kunywa yachemke na yaendelee kutokota kwa dakika moja, yakiwemo yale ya kutengenezea juisi. Maziwa yachemshwe. Yai liive hadi kiini kigande. Nyama isibaki na wekundu wala majimaji ya damu. Kiporo kisikae nje zaidi ya saa 2, na kipashwe moto hadi kitoe moshi katikati, si pembeni tu. Ubao na kisu cha nyama mbichi visiguse kachumbari. Ukiharisha, tumia pakiti za ORS. Usipozipata, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Chumvi ikizidi ni hatari kuliko kukosa mchanganyiko wenyewe.

Misuli hairudi kwa chakula peke yake. Usipoipa kazi, kilo zitakazorudi zitakuwa mafuta ya kiunoni. Homa ikiisha, anza na kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kushika kitu, na kusukuma ukuta mara kumi, siku tatu kwa wiki, ukiongeza taratibu. Kutembea dakika ishirini kabla ya mlo husaidia pia hamu ya kula.

Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, mizani ileile, asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi. Kila siku usijipime. Maji mwilini hupanda na kushuka na utachanganyikiwa bure. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Zikipita wiki nne umekula kama nilivyoeleza, mdomo umetibiwa, na hujaongeza angalau kilo moja, rudi kliniki na daftari lako la uzito, hata kama tarehe yako haijafika. Usisubiri ukikohoa, ukipata homa, ukishindwa kumeza, au choo kikiwa maji kwa siku tatu mfululizo.

Mtu wa karibu yako akiwa katika hali mbaya kuliko yako, kipimo kile cha uzito na urefu kikiwa chini ya 16, au amekaa siku nyingi bila kula karibu chochote, usimjazie chakula nyumbani. Mwili uliozoea kukosa ukipewa wanga mwingi ghafla huvuta fosfati na potasiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, na moyo huweza kupoteza mapigo yake. Mtu huyo huanzishwa kidogokidogo kwenye kituo cha afya, na hapo ndipo kuna chakula cha tiba cha karanga na maziwa kwenye pakiti; pakiti ya gramu 92 ina kilokalori 500 na imewekewa madini na vitamini vinavyohitajika. Chakula hicho hutolewa kama dawa, hakigawiwi nyumba nzima.

Jambo la mwisho nakwambia sasa ingawa litaonekana la mbali. Ukifika kilo 64 hadi 66, ondoa nyongeza: kijiko cha mafuta kiondoke kwanza, kisha karanga za jioni. Watu wengi kwenye dolutegravir huendelea kuongezeka kupita walipoanzia, kwa sababu hamu imerudi, virusi havichomi tena nishati, na mazoea ya kula kama mgonjwa yamebaki. Pima kiuno chako kwa utepe kwenye usawa wa kitovu. Kwa urefu wako, kikivuka sentimita 85, yaani nusu ya urefu, anza kupunguza. Kuanzia hapo chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikihesabiwa na ile iliyo ndani ya mkate na vyakula vya viwandani, na shinikizo la damu lipimwe kila unapochukua dawa.